Pampu ya Tatu

Majina ya mafundi wote watatu ninayo kichwani, na ya mama zao pia, maana Ifakara hii nani nisiyemjua? Siyaandiki hapa, wana watoto wanaosoma. Hasira ndiyo ninayoiandika, hiyo ni yangu.

Gari ni la marehemu mume wangu, dogo, la zamani, la petroli. Si la kabureta. Ni katika yale yanayosukumiwa mafuta na pampu ya umeme iliyozama ndani ya tanki. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini miaka yote aliyotengeneza magari uani kwetu Mlabani, mimi ndiye niliyempa spana. Akitaja kitu, nakishika kwa mkono na kwa jina.

Mdogo wangu anaishi Chita. Ana sukari, na kidole cha mguu kilimtoka kidonda kisichopona. Kila wiki mbili ilikuwa lazima aje kusafishwa hospitali hapa mjini. Daktari alimwambia mbele yangu, ukikosakosa mama, mguu tutaukata. Basi mwanangu akawa anaendesha, mimi nakaa mbele, mdogo wangu kalala nyuma, mguu juu ya mto.

Pampu iliyokuja na gari ikafa. Fundi akaweka nyingine. Haikumaliza miezi miwili, ikafa. Fundi wa pili akaweka, nayo ikafa. Wa tatu, vilevile. Na kila mmoja nilimuuliza, "Mwanangu, chujio umelitazama? Na kile kisoksi cha wavu kinachovishwa chini ya pampu?"

Wa tatu ndiye aliyenijibu vibaya kuliko wote. "Bibi, haya ni magari ya kompyuta. Wewe tuachie, kapumzike."

"Nikapumzike wapi, kaburini?"

Wakacheka gereji nzima. Mwanangu naye akacheka, nilimwona.

Siku pampu ile ya tatu ilipokufa ilikuwa siku ya kliniki. Gari liliguna mara mbili hapo hapo uani, likanyamaza. Mdogo wangu alikuwa amekaa barazani kwake tangu asubuhi, amevaa, anasubiri. Mchana akapiga simu. "Dada, usihangaike. Ila leo kinanuka."

Sikula. Nikamwambia mwanangu tafuta kamba, tulivute. Nikaenda nalo gereji, nikakaa juu ya kigoda cha yule fundi wa tatu mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Fungua nione."

Akang'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha tanki, akaitoa pampu inachuruzika petroli. Kile kisoksi kilikuwa kimevimba kama kidole cha mdogo wangu. Kimejaa uchafu na nyuzi, nyekundu na bluu.

Fundi akazivuta, akazitazama juani. "Bibi, hizi nyuzi za kitenge."

Zilikuwa za kitenge changu. Petroli ya kurudia tulikuwa tunanunua Chita, ya kwenye madumu, nami sikuiamini. Nilikuwa naikunjia kipande cha kitenge kuukuu mdomoni mwa faneli naichuja, kama mume wangu alivyofanya enzi za lori lake. Lori lilikuwa linameza tu. Huku kwetu kila mtu anachuja hivyo.

"Kumbe mchawi wa gari ni mwenye gari!" fundi akasema, gereji ikaangua kicheko tena.

"Chekeni," nikawaambia. "Kitenge ni changu, dhambi hiyo naibeba mwenyewe. Sasa niambie wewe. Ulipoleta pampu mpya, kisoksi hiki ulikitoa wapi?"

Akakigeuzageuza kile kisoksi mkononi.

"Nakuuliza."

"Kilikuwa cha ile ya zamani, bibi. Nilikihamisha."

"Na yule wa kabla yako alikihamisha, na wa kabla yake. Pampu inavuta uchafu mpaka inaungua, mnaivua soksi chafu mnamvisha mwenzake! Macho mlimwazima nani?"

Hakuna aliyecheka. Wakashusha tanki, wakaliosha. Wakafungua na chujio kubwa la chini ya gari, ambalo hakuna aliyewahi kuligusa, likamwaga maji meusi kama ya jaruba la mpunga. Wakaweka chujio jipya, pampu mpya, na kisoksi chake kipya. Nilikikagua kila kimoja kabla hakijaingia, nikikitaja kwa jina lake. Gari likawaka mara moja, tukaondoka saa ileile kwenda Chita.

Mguu haukukatwa. Kidole kilikatwa.

Alipotoka chumba cha upasuaji mdogo wangu alinishika mkono. "Kidole kimoja si mguu, dada. Wasamehe."

Nikamwambia wewe samehe, kidole kilikuwa chako. Mimi bado.