Herufi Niliyoipiga Kwenye Habu

Asubuhi moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na juzi uliponipigia simu ukisema fundi anataka kubadilisha habu ya gari lako wakati wewe unaona inatengenezeka, ilinirudia nzima, pamoja na baridi yake. Ulikuwa unanong'ona kwa sababu fundi alikuwa karibu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi siku yangu sikunong'ona, na laiti ningenong'ona.

Nilikuwa nimerudi Sumbawanga mwaka uleule kutoka Dar es Salaam. Wenzangu wengi walirudi na begi na hadithi. Mimi nilirudi na stashahada ya ufundi mitambo na pikapu niliyoinunua kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili. Sisemi haya kwa kujisifu sana, ingawa kujisifu kidogo nina haki nako. Stashahada yenyewe unaijua, inaning'inia sebuleni juu ya redio. Aliyekuja kunisalimia alionyeshwa gari kwanza, chai ilifuata baadaye.

Basi shangazi yako Leokadia, aliyeolewa Kipili, akajifungua mtoto wake wa kwanza, na bibi yako akatakiwa kushuka ziwani kumlea mzazi. Nikamwambia mbele ya majirani, "Mama, kupanda malori ya mahindi sasa basi. Utashuka Kipili umekaa mbele, na kioo utakifungua mwenyewe." Akawatangazia wanawake wote wa jumuiya. Siku ikapangwa, unga ukasagwa, kuku wawili wakatengwa.

Siku mbili kabla ya safari, nikitoka Kate na magunia ya maharage, tairi la mbele kushoto likaanza kuunguruma. Ningelifungua mwenyewe, lakini zana zangu zilikuwa bado njiani kutoka Dar. Nikaenda kwa Mzee Sikazwe, mwenye gereji karibu na soko la nafaka. Hakuwa na cheti chochote. Ufundi aliujifunza akiwa amelala chini ya malori, miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Diploma. Naona leo diploma inaunguruma upande wa kushoto."

Sikulipenda jina lile. Akafungua tairi, akaitoa habu, kile chuma cha katikati ambacho tairi hufungwa kwa boliti zake na beringi hukaa ndani yake. Akaingiza kidole, akakizungusha taratibu. "Beringi imelegea, imekula mahali inapokaa. Lakini chuma ni kizima. Mkerezaji ataichonga kidogo kwa mashine yake, tutie bushi, ile pete ya chuma, beringi mpya itabana. Kesho kutwa unashuka Kipili."

Rahisi mno, nikajisemea. Kule Dar nilikuwa nimeona mengi: unaacha chuma chako kizuri, unarudishiwa cha gari lililochoka, na huna ushahidi. Habu yangu ilikuwa ile iliyokuja na gari, nami nilijua thamani yake. Nikamwambia nitaipeleka kwa mkerezaji mwenyewe. Akasema mkerezaji hapendi kusimamiwa. Kwa nini hapendi? Halafu ikaja chai kutoka ng'ambo ya barabara, dukani kwa Bi Zuhura muuza spea, bila mtu kuagiza. Mzee akapokea kikombe kama mtu aliyezoea. Nikaona picha yote: habu yangu ingeishia kwenye rafu za duka lile. Nikavuta kreti, nikakaa, nikaanza kulinda gari langu kama wanavyofanya wenye magari wote hapa kwetu, macho kwenye kila nati inayowekwa chini.

Mchana mzee akaenda kula. Nikafikiria kuweka alama ya rangi, nikaona rangi hufutika. Nikachukua tindo yake na nyundo yake, nikaigeuza habu, na kwenye mdomo wake wa ndani, mahali ambapo hakuna ambaye angetazama, nikapiga K ya jina langu, Kasiano. Mapigo matatu mazito, ili herufi izame. Nilipokaa tena kwenye kreti nilijiona mwerevu kuliko mji mzima.

Kesho yake mzee alirudi kutoka kwa mkerezaji akiwa ameikumbatia habu kifuani. Uso wake haukuwa wa jana.

"Diploma, hii haifai tena. Tubadilishe. Bi Zuhura anayo moja, nimeikagua, ni nzima."

Mwanangu, nilisimama. Nilisema kwa sauti ambayo gereji zote za mstari ule zilisikia.

"Jana inatengenezeka, leo imekufa? Imekufa ikiwa mikononi mwa nani? Mzee, mimi nimesoma. Nifungie habu yangu kama ilivyo, kesho mama yangu anasafiri."

Bi Zuhura akatoka mlangoni kwake, kanga begani. "Kijana, duka langu limekukosea nini?"

"Halijanikosea bado. Nimeiona chai yako tangu jana."

"Chai ya mzee mwenye vidonda vya tumbo asiyeweza kukaa na njaa," akasema. "Kumbe na hiyo unailinda."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Aliniuliza polepole, "Nikifunga hivihivi, utampakia mama yako?"

"Nitampakia."

"Haya."

Lakini hakufunga. Alichukua chupa ya mafuta ya taa, akaipaka habu mdomo mzima, akasubiri. Akaifuta kwa kitambaa hadi ikakauka. Kisha akatoa mfukoni chaki aliyoandikia majina ya wateja kwenye matairi, akaisaga kwa kidole, akainyunyiza pale alipofuta. Jaribio lile nililijua. Nilifundishwa darasani, nikalieleza kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Katikati ya weupe ule ukatokea mstari, mwembamba kama unywele, ukizidi kuwa mweusi kadiri mafuta yalivyotoka ndani ya ufa. Ulianza kwenye tundu la boliti, ukapinda kufuata mdomo wa ndani, ukaishia kwenye mguu wa herufi K.

Mzee Sikazwe akainama. "Jana asubuhi herufi hii haikuwepo," akasema. "Ni ya nani?"

Jina langu alilijua, na mstari mzima wa gereji ulilijua.

"Nilidhani ni mkerezaji aliyeipiga," akaendelea kwa sauti ya chini. "Nimegombana naye saa nzima. Nimemwita mzembe, mzee mwenzangu, tumeanza kazi pamoja. Ungeniambia unanishuku, ningekupeleka kwake ukae hapo hadi amalize. Hukusema. Ulinichunga mimi siku nzima, chuma hukukitazama. Sasa vaa koti, twende ukamweleze."

Nilikwenda. Nilimweleza mkerezaji, na wazee wale wawili wakashikana mikono mbele yangu bila hata mmoja kunitazama. Niliporudi, Bi Zuhura alinikabidhi habu nyingine. "Hii usiiandike jina," akasema. "Nitakukumbuka bila hiyo."

Bibi yako alishuka Kipili. Pale kwenye mteremko, ziwa lilipoonekana kule chini, alifungua kioo na kukifunga mara kumi, akaniuliza mbona naendesha kama nimebeba mayai. Ukweni akasimulia kwamba mwanawe ni msomi, gari analitengeneza mwenyewe. Nilinyamaza. Kunyamaza kule ni kosa la pili, nalo naliungama leo kwako.

Sasa sikiliza. Sikuambii umwamini kila fundi. Mimi hadi leo simwamini ovyo, nawe usiniangushe kwa kuwa mjinga. Ila shuku kwa mdomo wazi. Mwambie fundi wako, "Nionyeshe." Kama pameliwa pale tu beringi inapokaa na chuma ni kizima, mkerezaji mzuri anaiokoa habu hiyo. Kama ina ufa, au matundu ya boliti yamepanuka, ibadilishe hata kama aliyekuambia ni mtu usiyempenda. Mafuta ya taa na chaki havina urafiki na duka la mtu. Ukitaka alama, weka ya rangi, kwa nje, fundi akiwa anakuona. Na kabla hujauliza nani ameharibu, jiulize wewe mwenyewe umegusa wapi.

Mungu akupe mikono safi na macho yanayotazama chuma kabla ya kumtazama mtu. Akukazie nati zako zote katika miteremko yote ya nchi hii, na kila utakayempakia ashuke mzima, asiwe na lalamiko jingine isipokuwa kwamba unaendesha polepole mno.