Usaili wa Nyuma ya Jiko

Mimi si mtu wa subira, na wanafunzi wangu watakuambia. Lakini kazi hii ya kujitolea niliichukua mwenyewe, hakuna aliyenishikia fimbo. Nilikaa mtaani miaka sita na cheti changu cha ualimu kabla ya kupangiwa Tukuyu, na najua mtu anavyojisikia jirani anapomuuliza, "Bado tu?" Ndiyo maana kundi letu la WhatsApp tuliliita Bado Tupo. Tuko mia mbili na kitu. Wapo wanaotafuta matangazo ya kazi, wapo wanaosahihisha barua za maombi, na sisi watano tunawasaili watu kwa mazoezi kila Jumamosi saa tisa alasiri kwa simu ya video. Hakuna anayelipwa. Anayepata kazi anaombwa tu asikimbie, abaki awashike mkono wengine.

Atuganile aliletwa na rafiki yake mwaka juzi. Ana stashahada ya kilimo, ana watoto wawili, na mumewe Gwakisa ni fundi wa kuchomelea pale Kiwira. Wanaishi Lupepo kwa wazazi wa Gwakisa. Cheti chake kilikuwa kimelala sandukuni mwaka wa tisa. Na si kwamba hakuwa na akili, maana mitihani ya kuandika alikuwa anaipasua. Mara tatu aliitwa kwenye mahojiano, mara tatu akarudi mikono mitupu, na kila mara nilimuuliza kulikoni, akanijibu, "Sijui, madam. Niliongea tu."

Mwezi wa tatu akaitwa tena, safari hii na shirika moja la wakulima wa parachichi lililotafuta afisa ugani. Mahojiano yalikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akaniandikia faragha: "Madam, hii ndiyo ya mwisho. Nikikosa mnitoe kwenye kundi. Nimechoka kuwapa watu matumaini." Nilisoma ujumbe ule nikiwa nasahihisha madaftari, nikaweka kalamu chini. Watu wanatoka kwenye kundi letu kila siku, lakini huyu niliona nikimwachia nitakuwa nimefanya dhambi.

Jumamosi tukamweka kwenye mazoezi, tukiwa watu kumi na mmoja kwenye simu. Akaanza kusailiwa na Loyce, binti aliyemaliza chuo juzi tu. Atuganile alijibu kama mtu anayekunywa maji. Mbolea, magonjwa, namna ya kumshawishi mkulima mbishi, vyote alivimwaga huku akicheka. Nikajiambia huyu kazi anayo. Kisha nikamkaribisha Mzee Benson, mstaafu wa benki, mvi kichwa kizima, mtu mpole kabisa. Akafungua kamera, akasema, "Karibu binti, jitambulishe."

Atuganile akainamisha kichwa mpaka kwenye kioo nikawa naona kilemba chake tu. Sauti ikazama. Mzee Benson akarudia swali mara mbili, na mara zote mbili tulisikia mnong'ono. Hapo mdomo ukaniponza. "Atuganile, inua uso! Mwangalie mtu machoni! Kutojiamini huko ndiko kunakokukosesha kazi!" Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Akajibu, "Samahani, madam," akakata simu.

Hazikupita dakika tano Tusajigwe, mwanakikundi mwenzetu anayetoka Kisiba, akanipigia. Alianza kwa kunicheka. "Madam Generosa, wewe umetoka Karagwe, kwa hiyo nakusamehe. Huyo ni mke wa mtu. Anaishi kwa baba mkwe anayeshika mila zetu za Kinyakyusa. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anapita pembeni. Akitaka kumwambia kitu anamwambia mama mkwe. Na wazee wa rika la mkwewe anawaheshimu vivyo hivyo. Siku hizi wengi tumeacha, lakini kwa mkwewe huyo, Mzee Andongwisye, hawajaacha. Sasa wewe unamwekea mzee mwenye mvi halafu unamwambia amkodolee macho!"

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikampigia Atuganile kumwomba radhi, na kuomba radhi si kazi ninayoiweza. Yeye akaishia kunifariji mimi. "Najua kwamba wale wazee wa kwenye usaili si baba mkwe, madam. Kichwa kinajua. Shingo ndiyo haijui."

"Na hao waliokukosesha kazi mara tatu, walikuwa wazee?"

"Kila jopo lilikuwa na mzee. Na mzee ndiye mwenyekiti."

Tukabaki na siku tano. Mimi nilitaka kumtafutia wazee wengine wa kumzoeza, lakini Gwakisa alipozisikia habari hizi akazipeleka kwa mama yake, na mama akazipeleka kwa mumewe. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiona mgeni niliyeingiza mkono kwenye chungu cha watu. Kesho yake walipotoka kanisani jibu likaja kwa njia ile ile, kutoka kwa mzee kwenda kwa mama, kwa Gwakisa, kwangu: "Huyo mwalimu alete hayo maswali. Nitamuuliza mimi."

Walivyopanga ni hivi. Mzee Andongwisye anakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, nje. Atuganile anakaa ndani, jirani na mafiga. Kati yao ukuta wa matofali. Maswali nayatuma kwenye simu ya Gwakisa, mzee anavaa miwani anayasoma, na mimi nasikiliza kwa simu ya Atuganile. Mila haijavunjwa, hakuna aliyemwona mwenzake.

Jumatatu ilikuwa balaa. Mzee aliuliza, kimya. Akauliza tena, nikasikia kama mbu. "Sisikii!" akapaza sauti. "Huko kwa wazungu wa parachichi watakusikia?" Hakukuwa na wazungu wowote, lakini sikuthubutu kumsahihisha. Jumanne ikawa afadhali, Atuganile alimaliza sentensi nzima. Jumatano mzee akachoka na maswali yangu. Nilimsikia akimwambia Gwakisa achukue simu yake.

"Haya ya mwalimu ni ya kitabuni," alisema. "Niulize langu. Migomba yangu ya huku chini inaanguka na mkungu haujakomaa. Mwaka wa nne huu. Kwa nini?"

Nikashika simu kwa mikono miwili. Ndani ya jiko Atuganile akakohoa.

"Ni fukusi, baba. Wanatoboa shina kwa chini. Unakata mkungu lakini visiki vya zamani hung'oi, ndiko wanakozaliana. Halafu unachukua machipukizi kwenye mashina hayo hayo yenye fukusi unapanda upya. Ng'oa visiki vyote. Machipukizi yamenye, yachovye kwenye maji ya moto, ndipo upande." Sauti ilianza chini ikapanda, ikapanda, mpaka mwisho alikuwa anamwelekeza kama mimi ninavyoelekeza kidato cha kwanza.

Mzee akauliza kutoka nje: "Umejua lini haya?"

"Tangu mwaka wa kwanza ilipoanza kuanguka, baba."

"Na mimi nimeangusha migomba miaka minne."

"Ningekuambiaje?"

Hapo nililia. Sioni sababu ya kuficha. Kisha nikamsikia mzee akicheka, kicheko kile cha kifuani kinachokatishwa na kikohozi, na ndani ya jiko mkwewe naye akaanza kucheka, na mama mkwe kutoka sijui wapi akauliza kwa Kinyakyusa kuna nini.

Alhamisi hatukufanya mazoezi. Atuganile alisema hayahitajiki.

Ijumaa saa saba mchana akanipigia akiwa barabarani, anahema. Mwenyekiti alikuwa mzee, tena mwenye ndevu nyeupe. "Nilimtazama, madam. Mwanzo nilitazama paji la uso, halafu nikashuka. Nikamjibu yote." Wiki mbili tulikaa roho juu. Loyce alikuwa akiniuliza kila asubuhi utadhani ni yeye aliyeomba. Barua ilipotoka, Atuganile aliipiga picha akaitupia kwenye kundi bila neno hata moja, na simu yangu ikalia mlio wa ujumbe mpaka bando likaisha.

Jioni ikaingia simu ya namba nisiyoijua.

"Mwalimu, ni Andongwisye wa Lupepo."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndaga fijo, mwalimu. Asante sana. Mwanangu amepata." Kisha akashusha sauti. "Nina swali. Wewe humwona kwenye hiyo simu yenu?"

"Namwona, mzee. Kila Jumamosi."

"Mimi nimekaa naye miaka kumi. Uso wake sijawahi kuutazama, na kwa uzee huu siwezi kuanza. Hebu niambie. Akiwa anaongea namna ile, anakuwaje?"

Nikakaa kitandani nikafikiri vizuri, kwa sababu yule mzee alistahili jibu la kweli.

"Nyusi zinapanda, mzee," nikamwambia. "Na akifika kwenye jambo analolijua sana, anatabasamu upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Haya," akasema. "Nimemwona."