Kofia ya Mutua Kule Kitui

Niliondoka Makueni kwa sababu ya kofia. Bwana Salimu, mfanyabiashara wa mbuzi, alitupasha habari kwamba kule Kitui askari mmoja mstaafu ametundika sare za vita vya Wajerumani chumbani kwake, na watu huingia kutazama. Kofia moja, alisema, imeshonewa shanga za buluu kwa ndani. Mama aliposikia hivyo akaketi chini. Shanga hizo alizishona yeye, siku kaka yangu Mutua alipokuja na sare yake kutuaga. Mutua hakurudi, na Mama hakukubali tumwombolezee.

Alfajiri ya siku ya pili nilivuka mto Athi, maji yakinifika kiunoni. Ng'ambo nzige walikuwa wamemaliza mtama. Wenyeji walionilaza hawakuwa na cha kunipa ila uji mwepesi, nao wakanipa.

Siku ya nne, adhuhuri, niliingia Kitui. Mwenye chumba, Mzee Hamisi, alinikaribisha vizuri. Ukutani palining'inia makoti ya kaki yaliyoliwa na mende, na helmeti nene za jua walizovaa maofisa. Moja ilikuwa na tundu la risasi. Kofia za askari Waafrika zilikuwa za kitambaa tu, zenye pazia la kukinga shingo. Nilipoipindua ya tatu, nikaziona shanga.

"Mzee, hii uliipata wapi?"

"Kwa Mkamba mmoja. Tumbo la kuhara lilimshinda, tukamwacha njiani."

"Alikuwa amekufa?"

"Bado. Tulikatazwa kuacha vifaa vya serikali. Nikamvua. Jua lilikuwa kali, naye ananitazama."

"Huyo ni kaka yangu."

Nilitaka kumpiga, nikashika ukingo wa meza.

"Mbona umeitundika hapa?"

"Nilingoja mtu aniulize. Wote huulizia ile yenye tundu."

Akaniwekea kofia mkononi. Sikumuaga.

Kurudi nilitumia siku tatu tu. Mama alinipokea mlangoni, akazipapasa shanga moja moja.

"Mwaitu," nikasema, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu, "ni ugonjwa uliomuua."

"Nani alimfumba macho?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa uongo. Ukanishinda. "Hakuna."

Akaleta wembe, akaketi, akaniinamishia kichwa nimnyoe, kama wafiwa wanyolewavyo kwetu. Sikuwa nimemaliza upande mmoja alipoanza kulia kwa sauti, na majirani wakaja. Nilikuwa nimedhani nitamkinga kwa kumficha ukweli. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiungoja, hata uwe mchungu namna gani, ili apate kulia.