Barua Saba za Kamba ya Pantoni

Kabla ya masika ya mwaka 1957, hakuna mtu Ifakara aliyewahi kumsikia Hermenegildi akipaza sauti. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa kaptula zilizopigwa pasi na mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Mkewe Konsolata, aliyelima mpunga nyuma ya nyumba yao Lipangalala, alizoea kusema kwamba mume wake anagombana na karatasi tu, na hata hizo anazigombeza kimyakimya.

Juni ya mwaka uliotangulia, mzee Kasmiri alikuja ofisini akiwa na matope mpaka magotini. Kasmiri alikuwa mvushaji wa pantoni katika kivuko cha Kiwambo, kwenye njia ya kuelekea Malinyi. Pantoni ile ilivutwa kwa mikono, ikishikiliwa na kamba ya chuma iliyokazwa toka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile.

"Shikamoo, mzee Kasmiri."

"Marahaba, Bwana Karani. Kamba inaachia nyuzi." Akaweka mezani kipande cha waya kilicholiwa na kutu. "Mto ukijaa, haitahimili."

Hermenegildi aliandika barua siku hiyo hiyo. Ilitakiwa ipande kwanza ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya jimbo, kisha Dar es Salaam, na majibu yashuke kwa njia hiyo hiyo. Karani hakuruhusiwa kuruka ngazi hata moja.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba: ombi lirudiwe kwenye fomu maalumu. Fomu hizo hazikuwepo Ifakara, kwa hiyo ikabidi nazo ziombwe kwa barua. Fomu zilipojazwa, wakubwa wakasema kivuko ni cha serikali ya wenyeji. Serikali ya wenyeji ikajibu kwamba barabara ile ni ya serikali kuu. Kisha idara moja huko Dar es Salaam ikauliza kamba inayotakiwa ina unene wa inchi ngapi, wakati inchi zilikuwa zimeandikwa katika mstari wa pili wa barua ya kwanza.

Kila mwezi Kasmiri alitembea asubuhi nzima kuja kusimama dirishani.

"Wamesemaje?"

"Wanashughulikia, mzee."

Hermenegildi alimwomba Bwana mdogo wa Kizungu aliyesimamia ofisi amruhusu aende mwenyewe jimboni. "Kila jambo lina utaratibu wake, Karani," akaambiwa. Akarudi mezani, akaandika barua ya saba.

Tarehe tisa Aprili, mto ukiwa umefunika miti ya ukingoni, kamba ilikatika katikati. Pantoni ilibebwa na maji, ikapinduka. Walikufa watu watatu: Tekla na mama mkwe wake, waliokuwa wakipeleka mchele sokoni, na Fransisko, mchuuzi wa samaki wakavu. Kasmiri alimvuta mtu mmoja akamfikisha nchi kavu, kisha akakaa ukingoni siku mbili, hataki kula, mpaka maiti zilipopatikana.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka juu. Hii ilichukua siku nne tu. Kasmiri alikuwa amefukuzwa kazi kwa uzembe, kwa sababu hakutoa taarifa ya ubovu wa kamba.

Hermenegildi aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Mara saba! Mara saba aliandika kwa mkono wake, akagonga mhuri, akamkabidhi tarishi!

Ikatangazwa kwamba afisa mkubwa atatoka Dar es Salaam, mmoja wa wale waliotumwa kuangalia namna ya kuboresha kazi za serikali, na kwamba Jumatatu atafanya baraza juu ya ajali. Ijumaa, Bwana mdogo akasema bila kumtazama karani wake, "Faili la kivuko lipeleke wilayani leo."

"Na baraza la Jumatatu?"

"Lipeleke."

Hermenegildi alielewa. Alilipeleka jioni kama alivyoagizwa, lakini mchana ule wote alikuwa amejifungia akinakili kila barua na kila jibu. Jumapili baada ya Misa akaandika nakala safi, Konsolata akilinganisha kando yake.

"Watakufukuza," Konsolata alisema.

"Wanifukuze."

"Sijakwambia uache. Nasema watakufukuza. Na hapo umekosea, ni tarehe kumi na tisa, umeandika tisa."

Barazani watu walijaa mpaka barabarani. Afisa alimuuliza Kasmiri alimwambia nani habari za kamba. Mzee akamwonyesha Hermenegildi kwa kidole. Afisa wa wilaya akainuka upesi, akaeleza kwamba faili husika halionekani kwa sasa.

"Nakala zake ninazo mimi!" Hermenegildi alisema, na sauti yake ikawashtua hata waliomfahamu.

Akasoma barua zote saba, na majibu yake, na tarehe zake. Alipofika kwenye swali la inchi, aliusoma tena mstari wa pili wa barua ya kwanza, kisha akaendelea.

"Mnamtafuta aliyezembea," alisema alipomaliza. "Huyu mzee hajui kusoma, lakini alitembea kwa miguu kuwaambia. Ninyi mnajua kusoma. Nani kati yenu alisoma? Mnarushiana karatasi kama watoto wanaorushiana mpira, na chini yenu watu wanavuka mto!"

"Nipe hizo karatasi," afisa alisema.

"Utazipata ukitia saini kwamba umezipokea. Faili hupotea."

Umati ukanguruma. Afisa akatia saini.

Kasmiri alirudishiwa kazi. Kamba mpya ilifika Kiwambo baada ya siku tisa, na Hermenegildi alikwenda kuiona. Kwenye gurudumu la mbao lililozungushiwa kamba hiyo palikuwa na kibandiko: kamba ilikuwa imekaa katika ghala la serikali tangu mwaka 1954. Viktor, mume wa marehemu Tekla, alimkuta amesimama mbele ya kibandiko kile.

"Bwana Karani, wameandika nini?"

Akamsomea.

"Kwa hiyo ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

Hermenegildi akalipiga teke lile gurudumu, akalipiga tena, mpaka Kasmiri akaja kumshika mabega.

Adhabu ya Hermenegildi ilikuja kwa barua: kwa kosa la kutoa siri za ofisi, ameshushwa daraja na kuhamishiwa Malinyi. Alikwenda. Huko akatundika ubao nje ya mlango, akaandika kila ombi la wananchi, siku lilipotumwa na ofisi ambamo limelala. Wakamwamuru autoe. Akautoa, akaanza kuwaambia watu kwa mdomo, kwa sauti, siku ya soko.

Mwaka 1959 ulikuja waraka: kuanzia sasa wavushaji na makarani wa chini waruhusiwa kuomba vifaa vya usalama moja kwa moja ghalani. Karani mwenzake, Ildefonce, alimpongeza.

"Hii ni kazi yako, kaka. Furahi basi."

"Nifurahi nini? Waraka wenyewe ni ukurasa mmoja," Hermenegildi alisema. "Ukurasa mmoja, Ildefonce! Wangeweza kuuandika wakati wowote."

Akavuta kiti, akaanza kuandika ombi la kamba za vivuko vyote vilivyobaki.