Dirisha la Kushoto

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimesema hivyo miaka mingi, na nilikuwa na haki ya kusema. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba simiti mgongoni Kisii mjini, nikauza ndizi za Nyaramba hadi Nakuru, na miaka ya tisini ilipofika katikati nilikuwa na malori mawili na kinu cha kusaga unga pale Birongo. Nimeona benki ikifungwa pesa zangu zikiwa ndani, na bado nikala chakula cha jioni nikamaliza.

Halafu mama yangu, ameketi nje ya nyumba yake kule Manga akimenya ndizi, miguu imemvimba, akaniambia kwamba mimi si kifungua mimba.

Hakuinua hata macho. Kabla yangu, alisema, alikuwako msichana. Marehemu baba alikuwa kibarua wa reli, kwenye tawi dogo lililochepuka kutoka njia kuu upande wa Nakuru na kupita katikati ya mashamba ya mkonge. Mtoto alishikwa na homa akafia kambini, mama naye wakati huo amelazwa hospitali mjini. Kuleta maiti Kisii kulitaka sanduku na nauli yake peke yake, na baba hakuwa nayo. Wanaume wa kambi wakamzika kando ya reli, mbali kidogo na makao yao. Mama alipopata nafuu akarudi kwa treni pamoja na baba, na treni haikusimama pale. Baba alinyoosha kidole dirishani akasema, "Ni pale." Basi. Kumpeleka kwa miguu alikataa kabisa, aliogopa mama hatainuka. Kwa hiyo kila aliposafiri alikaa dirishani, akatazama, treni ikapita.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ulikuwa unahangaika na ndizi zako."

"Na sasa?"

"Sasa miguu inaniaga. Nataka udongo wake uje hapa nyumbani, nikizikwa nizikwe karibu naye. Wewe si ndiye unayetangaza sokoni hakuna kinachokushinda?"

Nikamwambia hiyo ni kazi ya siku moja. Nikampakia kwenye pikapu, nikaweka mto chini ya miguu yake, tukaenda.

Ile reli ilikuwa imefungwa zamani. Vyuma viling'olewa, mataruma, zile mbao za chini ya vyuma, watu waliyafanya kuni, stesheni haikuwa na paa. Mama alishuka akasimama kwenye nyasi zilizomfika kifuani, akageuka huku, akageuka kule. Alionyesha kichaka kimoja, halafu akaonyesha kingine. Mwishowe alisema, "Mimi sikuwahi kukanyaga hapa. Sipajui." Tukarudi. Nami kwa mara ya kwanza sikuwa na la kujisifia.

Sasa, duka la vifaa vya ujenzi nililobebea simiti lilikuwa la familia ya Kihindi, na mwenye duka tuliheshimiana. Mtoto wake wa kiume alikuwa amerudi kutoka masomoni na kompyuta, akaiweka chumba cha nyuma, kati ya misumari na rangi. Babu wa babu yake alikuja nchi hii kutandika reli, na kijana alikuwa na kichaa cha kutengeneza upya reli zilizokufa ndani ya ile mashine, kwa ramani na picha kuukuu. Nilipomtajia tawi letu aliruka. Alikuwa na ramani yake, nami nikaahidi kumlipa aitengeneze.

Baba yake alicheka mpaka akashika kaunta. "Wewe ulinibebea simiti, leo unanunua treni kwangu?"

"Ninunue nini, mzee? Ya kwako haina hata magurudumu."

Nilimleta mama. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Kijana akabonyeza, na kwenye kioo reli ikaanza kutujia, vyuma viwili vikikimbilia chini ya miguu yetu, mkonge pande zote. Nilipiga makofi. Mama alitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Ni kizuri," alisema. "Lakini mwanangu, mimi sikuwa dereva."

Kijana hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa, na sisemi hivyo kwa majivuno. Mama alipajua pale kwa ubavu tu, kutoka dirishani. Hata siku ile porini nilimsimamisha mahali ambapo yeye hakuwahi kuwapo.

"Geuza itazame kando," nikamwambia kijana. "Upande gani, mama?"

"Kwenda kambini, kushoto. Kurudi nyumbani, kulia."

Ilimchukua juma zima na umeme ulikatika mara kadhaa. Tuliporudi, mkonge ulikuwa unapita kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, kwa mwendo wa ile treni. Mama alisogeza kiti chake mpaka bega likagusa meza. Akaweka kiwiko juu yake, kama mtu aliyeegemea dirisha.

Likapita daraja la chuma. "Hapa ilikuwa inanguruma," alisema. Likaja tangi la maji juu ya miguu yake mirefu. Halafu reli ikaanza kupinda, na nikamwona mama anainamia kioo.

"Mwambie apunguze."

Kijana akapunguza.

"Hapa." Alinyoosha kidole. "Kabla kona haijaisha, tangi bado unaliona ukigeuza shingo. Baba yako alinionyesha hapa. Alikuwa amezungushia kaburi mnyaa."

Kwenye kioo hapakuwa na mnyaa, palikuwa na majani ya kuchora tu. Lakini mama aliutazama mkonge ule wa uongo muda mrefu, na hakuna aliyemwambia kijana aiondoe treni. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni. Alivua miwani, akarudi kwa wateja wake.

Kijana alitupimia kwenye ramani umbali kutoka darajani hadi pale. Mimi na yeye tulikwenda, tukavuta kamba ya kupimia juu ya tuta. Nguzo za tangi bado zilikuwako. Pale kamba ilipotufikisha, hatua chache chini ya tuta, palikuwa na mnyaa uliokua ukawa msitu, na katikati yake mawe yaliyopangwa na mkono wa mtu. Bawabu wa shamba la mkonge alikuja na rungu akiuliza tunaiba nini. Nilipomweleza aliweka rungu chini akatusaidia kuchimba.

Udongo ulikuja Manga ndani ya leso mpya. Tuliuzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na mzee wa kanisa aliomba maombi mafupi bila kuuliza maswali mengi. Mama aliomba kiti kiletwe, akakaa pale hadi jua lilipozama.

"Baba yako alikosa nauli ya huyu mtoto," alisema. "Wewe umelipa ngapi?"

Sokoni ningetaja laki. Yeye nilimjumlishia petroli ya safari zote mbili, kazi ya kijana, kamba, leso na chai ya bawabu, nikamwambia ilivyo: shilingi elfu kumi na moja, mia sita na arobaini.