Salamu za Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa akiniita mwali, mimi mwanamume mzima. "Mwali wetu hajambo?" aliuliza kila alipokuja, kabla hajashuka kwenye baiskeli, na nyumba nzima ilicheka, mama yangu akiwa wa kwanza, huko ndani alikojificha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi kijijini kwetu Chonyonyo, nikaketi. Wenzangu walivuka mpaka na magunia ya kahawa, wakarudi na redio na suruali mpya. Mimi nilijua tu ni mgomba upi utaanguka upepo ukija.

Kisha nikapata kazi ya ng'ambo bila kutoka uani. Mzungu mmoja aliyewahi kutufundisha sekondari alikuwa amerudi kwao Denmark, akawa anawafundisha Kiswahili watu wanaojiandaa kuja huku. Nilimwandikia kumsalimu tu. Akaniuliza kama naweza kumtumia kaseti za mtu anayesema taratibu mambo ya kila siku: kumenya ndizi, kuchota maji, mvua inavyoanza. Yaani kuongea peke yangu chumbani! Kazi hiyo nilikuwa naifanya bure tangu utotoni. Akaniletea kinasa sauti kupitia misheni, na betri zilipochoka nilizianika juani juu ya bati, zikafufuka kidogo.

Shemeji aliona kaseti mezani, akauliza. Nami, kwa ujinga wa mtu ambaye hajazoea kusifiwa, nikamweleza yote mpaka anwani. Haukupita muda, mwalimu akaniandikia kwa kuona haya: kuna bwana wa kwetu aliyewahi kuishi Mwanza amemwandikia akiomba kazi hiyo, anasema Kiswahili changu ni cha watu wa ndizi, kitawaharibu wanafunzi. Basi kila mmoja wetu atume kaseti ya "Asubuhi Nyumbani". Atamchukua mmoja.

"Shemeji, umenichongea kwa Wazungu?"

"Nimekupumzisha, mwali. Kazi ya kuongea ni ya mtu aliyetembea. Wewe utawaeleza nini, namna ya kulala?"

Dada yangu alicheka mpaka akakohoa. Nikacheka nao, ndani nikinoa panga. Ile ndiyo kazi pekee niliyowahi kupata, na sikuona nyingine ikija kunitafuta chini ya migomba.

Halafu, hamtaamini, akaniomba chumba changu. Alikokuwa amepanga, Kayanga, palikuwa jirani na kilabu cha pombe, muziki kutwa. Akaniomba na kinasa sauti pia.

"Kwenu kumetulia," alisema.

"Karibu sana, shemeji. Jumamosi."

Wiki ile, mimi nisiyetoka, nilitoka. Nilikwenda kanisani, nikaenda kisimani, nikapita hata kwenye mnada wa kahawa. Kila mzee niliyemkuta nilimwambia kwa adabu: "Mkwe wetu anakuja Jumamosi. Anasikitika kwamba wazee wa huku wamemsahau."

Kwetu mkwe hasahauliwi. Na salamu ya mzee haikatwi katikati, hata nyumba ikiwaka moto.

Jumamosi alifunga mlango, akabonyeza kitufe, akasafisha koo. "Asubuhi nyumbani. Jua lina..."

"Hodi humu!"

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Umeamkaje? Mama watoto? Watoto wenyewe? Mvua huko mjini? Na yule ng'ombe tuliyesikia anaumwa?"

Alipomaliza huyo, nyuma yake walikuwa wengine wawili, na mzee mwingine mwenye fimbo akija. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na sahani ya kahawa ya kutafuna, namkaribisha kila aliyeonyesha dalili ya kuondoka. Mwisho akaja mama yangu. Mama mkwe haonani na mkwewe uso kwa uso, kwa hiyo alisalimia kutoka nyuma ya ukuta, na shemeji akapiga magoti mbele ya ukuta mtupu, akijibu: "Nzuri, mama. Nzuri tu. Haya jamani, haaa..."

Alitaka kurudia. Betri zikafa. Zilikuwa zile za juu ya bati; mpya nilikuwa nimezichimbia ndani ya gunia la maharage. Na gari la misheni, lililobeba barua zetu, lilikuwa linaondoka mchana ule.

"Wazungu watavumilia kelele kidogo," alisema, akaifunga bahasha.

Hawakuvumilia. Kazi ikabaki kwangu. Ila mwalimu aliomba aihifadhi ile kaseti ya shemeji, awafundishie wanafunzi salamu. Nikampa ruhusa kwa niaba ya ukoo. Shemeji sikumwambia.

Miaka ikapita. Wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, Kayanga ilijaa magari meupe na Wazungu wapya. Siku moja kijana wao alisimama uani kwetu akitafuta ndizi za kununua. Shemeji alikuwa ameketi nami, miguu kainyoosha, ndiyo kwanza ameniuliza kama mwali wetu hajambo.

Yule kijana akainama mbele yake. "Shikamoo, mzee." Na kabla hajajibiwa, akaendelea kama mtu anayesoma sala aliyokariri: "Nzuri, mama. Nzuri tu. Haya jamani, haaa..."

Ilikuwa pumzi ile ile, kwa pua ile ile ya Mwanza, mpaka uchovu wa magoti ulisikika.

Shemeji alimtazama kijana, akatazama ule ukuta, halafu akanigeukia mimi, taratibu sana. Nikamsogezea sahani ya kahawa.

"Itikia, shemeji," nikamwambia. "Mgeni anasalimu."