Maji ya Mtungini

Juzi binti yangu aliniosha miguu iliyovimba, na harufu ya sabuni, kama ile aliyofulia Mama, ikanirudisha Mji Mkongwe, alasiri moja ya utoto wangu.

Mama alikuwa akifua bure bendeji za wagonjwa wa ukoma. Akisema anamfulia Kristo. Mimi niliona aibu tupu.

Siku ile nilikuwa natoka skuli na wenzangu wawili, mabinti wa watu wenye nafasi. Kichochoro chote kilinukia karafuu. Mama akatokeza mbele yetu, beseni kichwani, kanga imemlowa, maji yakimtiririka shingoni.

“Nani yule anayekuchekea?” mmoja wao akaniuliza.

“Mtumishi wetu,” nikajibu.

Mama alikuwa keshafika karibu. Kicheko kikamkauka. Kisha akainamisha macho, akaninyooshea mkono.

“Lete mkoba nikuchukulie, bibi.”

Akanifuata nyuma, kama watumishi walivyowafuata mabwana zao, mpaka wenzangu wakaingia makwao. Mimi nilifurahi. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani Mama kaupenda mchezo.

Nyumbani akaniketisha kizingitini, akapiga magoti, akaniosha vumbi la miguu kama kila siku, kwa maji ya mtungini, ambayo yalikuwa baridi siku zote. Mara tone la moto likaniangukia mguuni, na jingine.

“Mama, maji yana moto!” nikalalamika.

“Nisamehe, mwanangu,” akasema bila kuinua uso, akateka mengine.